Kwa nini sizoni nyingi za Korea na China huishiwa pumzi kabla ya mwisho?

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Tahadhari moja tu: humu ndani nataja nani anakufa na mambo yanaishaje. Ukiona jina la tamthilia ambayo hujaimaliza, ruka aya.

Mimi ni mtazamaji wa siku nyingi wa vitu vya Asia Mashariki, tangu mikanda ya VHS kwenye kibanda umiza. Zikaja DVD ambazo sizoni nzima imebanwa kwenye diski moja mpaka sura za watu zina ukungu, na sasa ni kuwekewa kwenye flashi au kuunguza bando. Kuna jambo linanikera miaka yote hiyo. Sizoni inaanza na moto, unakesha nayo, unaenda kazini macho mekundu, halafu ikifika theluthi ya mwisho inaanza kujikokota. Steringi anatekwa kwa mara ya tatu. Mtu tuliyemzika anarudi. Wapenzi waliokwisha kupatana wanagombana upya kwa jambo ambalo lingeisha kwa simu moja. Wengi husema mwandishi kachoka. Mimi naona mwandishi anaonewa. Ukitaka kujua sizoni itafia wapi, angalia ilitengenezwaje, ina sehemu ngapi, na nani aliyeamua ziwe ngapi.

Nianze na ile ninayoipenda kuliko zote za kihistoria, maana ndiyo ushahidi wangu mkubwa: The Great Queen Seondeok ya MBC, kituo cha televisheni cha Korea, mwaka 2009. Deokman, binti wa mfalme wa Silla, ufalme wa kale wa Korea, anatoroshwa akiwa mchanga, anakulia jangwani, anarudi nyumbani akijifanya mwanamume na mwishowe anadai kiti. Jina la tamthilia ni lake. Lakini anayeibeba ni adui, Mishil, aliyechezwa na Go Hyun-jung. Mama yule hapigi kelele. Anainua unyusi mmoja na baraza zima la wazee linanyamaza. Nguvu zake hazitoki kwenye panga tu: ana kalenda zinazomwambia mvua itanyesha lini na jua litapatwa lini, na watu wanaamini anaongea na mbingu. Deokman anamshinda kwa kumpiku kwenye hesabu ya kupatwa kwa jua, kisha anatangaza kujenga mnara wa kutazamia nyota ili kila mkulima ajue majira bila kumwogopa mtu. Mnara huo, Cheomseongdae, upo kweli, umesimama Gyeongju hadi leo. Nikitazama sehemu zile huwa nasahau kwamba nipo kwenye burudani. Ni mjadala wa siasa kabisa: nani amiliki maarifa, na je, watu wanataka ukweli au wanataka kutulizwa?

Sasa. Mpango wa awali ulikuwa sehemu 50. Sehemu ya 50 Mishil anakunywa sumu na kufa akiwa ameketi kitini, mgongo umenyooka. Ingeishia pale, watu wangeisimulia miaka mia. Lakini watazamaji walikuwa wengi mno, kituo kikaongeza hadi 62. Zile 12 zilizobaki zinamhusu Bidam, mtoto wa Mishil, na uasi wake. Kim Nam-gil anajitahidi sana, siwezi kumlaumu, lakini kila mtu kwenye skrini anatembea kama nyumba ya msiba siku ya tatu. Adui kaondoka na tamthilia yake. Mwisho wa mwaka MBC ikatoa tuzo yake kuu kwa nani? Kwa Go Hyun-jung. Malkia mwenyewe, Lee Yo-won, hakuipata. Hata wenyewe walijua.

Jumong hali kadhalika. Ilipangwa sehemu 60, ikaisha na 81 (2006 hadi 2007). Na wala si siri kwa nini: ilikuwa inavuta zaidi ya asilimia 40 ya watazamaji wa Korea, na kila usiku ilipokuwa hewani matangazo ya biashara yalijaa. Nani angeifunga?

Kwa wasiojua jinsi Wakorea walivyokuwa wakifanya kazi: tamthilia ya kawaida ilikuwa inarushwa siku mbili mfululizo kila wiki, Jumatatu na Jumanne, au Jumatano na Alhamisi, au wikiendi. Kwa miaka mingi walikuwa wanapiga picha huku tayari ipo hewani. Walianza na sehemu chache mkononi, na kufikia katikati mwandishi anatoa kurasa za script asubuhi, waigizaji wanazisoma kwenye gari, usiku kucha wanarekodi, mhariri anakimbizana na muda wa kurusha. Watazamaji wakilalamika mtandaoni kwamba fulani asife, hafi. Wakimpenda msaidizi kuliko steringi, msaidizi anaongezewa maneno. Uzuri wake ni kwamba hadithi ina damu ya moto, inajibu watu. Ubaya wake mnaujua: sehemu nne za kwanza zimepigwa na watu waliolala, nne za mwisho zimepigwa na maiti.

Mambo yalianza kubadilika karibuni tu. Descendants of the Sun ya 2016 ilirekodiwa yote kabla ya kurushwa, na sababu ilikuwa biashara: walitaka itoke China siku moja na Korea, na wakaguzi wa China wanataka waione nzima kwanza. Mwaka 2018 ikaja sheria ya saa 52 za kazi kwa wiki, ukesha ukawa mgumu kuuhalalisha. Ukiona siku hizi picha ni safi kuanzia mwanzo hadi mwisho na sehemu ni 12 badala ya 16 au 20, sheria hiyo ina mchango wake.

Kuna jaribio zuri ambalo maabara yoyote ingelitamani. Hadithi moja, binti maskini na vijana wanne wa kitajiri shuleni, imetoka kwenye katuni ya Kijapani ya Yoko Kamio. Taiwan waliifanya tamthilia 2001, Japani 2005, Korea 2009 (Boys Over Flowers, hii ndiyo wengi wetu tunaijua), China 2018 (Meteor Garden). Hadithi ni ileile, mkufu ni uleule, mama mkwe ni yuleyule mwenye roho ya chuma. Wajapani msimu wa kwanza walitumia sehemu 9. Wakorea 25. Wachina 49. Ya Kijapani ukiitazama unaona binti ana hasira, hasira yake ina sababu na inafika mahali. Ya Kikorea ina nywele za Lee Min-ho, ina nyimbo ambazo mpaka leo zinapigwa kwenye saluni, lakini kuanzia sehemu ya 15 hivi ni watu kupotezana na kukutana uwanja wa ndege. Na akina dada wa enzi hizo mnaosema ni nzuri, semeni kweli: mnakumbuka nini kilichotokea sehemu ya 20? Ile ya 49 niliishia njiani, na siombi radhi.

Karibuni tubishane.

Mdau (Mwanza)

Mleta uzi, Seondeok nakubali, ila Jumong usiiguse. Wewe unahesabu sehemu kama karani wa ghala. Urefu ndio utamu wenyewe. Jumong mwanzoni alikuwa mwoga, mtoto wa mfalme anayekimbia akiona panga na kuhangaika na wanawake. Umtoe hapo umfikishe kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo kwa sehemu 16? Asingeaminika. Ile gereza, Haemosu kipofu anamfundisha upanga kijana asiyejua kwamba ni mwanawe, na Jumong hajui kwamba ni baba yake, mpaka Daeso na Youngpo wanamuua ndipo anaambiwa. Mimi nililia kama nimefiwa. Nililia kwa sababu nilikaa nao muda mrefu. Na yule fundi chuma Mopalmo? Anajaribu kutengeneza panga lisilovunjika, linavunjika, anajaribu tena, linavunjika. Siku lilipokataa kuvunjika nyumba nzima tulishangilia. Hiyo ungeiweka wapi kwenye sehemu zako 9 za Kijapani?

Halafu sisi tulikuwa tunaangalia ya kutafsiriwa. Kwetu hakukuwa na sehemu inayojikokota.

Mleta uzi

Dada, hoja ya Mopalmo ni nzito na naiacha isimame. Kazi ya mikono inataka muda, na Jumong inaujua muda huo. Ila tazama umetaja nini: gereza, Haemosu, panga. Vyote hivyo vipo ndani ya ule mpango wa awali. Hujataja hata kimoja cha mwishoni, isipokuwa kama utaniambia Soseono kuondoka, na hapo nitakuunga mkono. Mwanamke aliyetoa mali yake, msafara wake na moyo wake kujenga nchi, anaona mke wa kwanza na mtoto Yuri wamerudi, anachukua wanawe wawili anaelekea kusini bila ugomvi. Mmoja wa wanawe, Onjo, ndiye anayehesabiwa mwanzilishi wa Baekje, ufalme mwingine wa kale wa Korea. Ni mwisho wa heshima sana. Kufika hapo lakini tumepita vita na Han, dola ya China, ambavyo siwezi kuvitofautisha.

Na hilo la kutafsiriwa umenipa jambo ambalo sikulisema. Mtafsiri wetu, tangu enzi za Lufufu, hafasiri maneno tu. Panapopwaya anaweka chumvi. Wazee wa baraza wanabishana kuhusu kodi, yeye anakwambia huyu mzee kanyimwa ugali na mkewe ndiyo maana ana hasira. Mtu anapanda farasi dakika tatu kimya, yeye anakueleza historia ya farasi. Kwa hiyo tamthilia uliyoitazama wewe siyo aliyoitazama Mkorea. Ya kwako ilikuwa na mwandishi wa pili, na huyo hakuwa amechoka.

Mdau (Mombasa)

Ahsante kwa mada. Mimi kwa upande wangu naona mwajisumbua na hizi tamthilia za kulia lia. Sinema ndiyo sanaa. Sinema haiongezwi. Imekwisha, imekwisha, taa zawashwa mwenda nyumbani. Sisi hapa tumekulia kwa Bruce Lee na Jackie Chan, na Kenya nzima yamjua DJ Afro, mtafsiri wa sinema. Nipe Police Story ya 1985 kuliko hizo sehemu themanini zenu.

Mleta uzi

Bwana, hapo umenigusa penyewe. Police Story hakuna dakika ya kujaza. Ile ya mwisho ndani ya jengo la maduka, vioo vinavunjika mpaka unahisi vipande kwenye meno, na Jackie anarukia nguzo yenye taa anateleza ghorofa kadhaa hadi chini. Viganja viliungua. Hakuna mbadala, hakuna kompyuta, na kwa kujua watu hawataamini wakaturudishia tukio lilelile kutoka pembe nyingine. Halafu mwishoni majina yakipita anakuonesha alivyoumia. Watu wanadhani ni vichekesho. Mimi naona ni risiti. Mtu anakuonesha alicholipa.

Ila siyo urefu peke yake unaoua, sinema nayo inatufundisha hilo. Seven Samurai ya Kurosawa, 1954, ni zaidi ya saa tatu, nyeusi na nyeupe. Wanakijiji wanaonyang'anywa mavuno wanatafuta wapiganaji wa kuwalinda kwa malipo ya wali tu. Saa nzima inapita wanatafuta watu, na hutaki iishe, kwa kuwa kila anayepatikana anabadilisha hesabu ya watakaokufa. Pale mwishoni wakulima wanapanda mpunga huku wanaimba, wapiganaji waliobaki watatu wanatazama makaburi ya wenzao. Kiongozi anasema walioshinda ni wakulima. Kila dakika ya zile saa tatu inahitajika ili kauli ile iume.

Na kwa Korea, kama hujaona Memories of Murder ya Bong Joon-ho (2003), acha kusoma hapa. Ni kisa cha kweli cha mauaji ya wanawake huko Hwaseong, 1986 hadi 1991. Polisi wa kijijini wanapiga watu, wanabambikia ushahidi, wanaamini macho yao kuliko maabara. Muuaji hapatikani. Sinema inaishia miaka mingi baadaye, Song Kang-ho anageuka na kutukazia macho sisi watazamaji. Bong alisema alifanya hivyo akiamini muuaji anaweza kuwa ameketi ukumbini. Mwaka 2019 kipimo cha DNA kikamtaja Lee Choon-jae, tayari yupo gerezani kifungo cha maisha kwa kumuua shemeji yake. Sijui mwandishi gani wa tamthilia angepewa ruhusa na kituo chake kumaliza hivyo, bila mtu kukamatwa.

Mdau

Mkuu umewasema Wakorea tu, Wachina umewagusa kwa Meteor Garden peke yake. Hawa jamaa sehemu 60, 70, na za kuruka angani juu ya mapanga hazihesabiki. Wao nao ni hadithi ya saa 52?

Mleta uzi

Wachina ni ugonjwa mwingine, ndugu. Kule kwa kawaida inarekodiwa yote kwanza ndipo irushwe, kwa hiyo kisingizio cha ukesha hakipo. Tatizo ni bei. Mtayarishaji anauza kwa kituo au kwa jukwaa la mtandaoni kwa kila sehemu. Ukipiga sehemu 40 ukazikata ziwe 60, umeuza 60. Ndiyo maana unaona mtu anakumbuka: mnyama, mvua, mama yake marehemu, yote ulishayaona sehemu ya 6, na sasa yanarudishwa dakika nne na wimbo juu. Watazamaji wao wenyewe walilalamika kwamba maji yamezidi, na Februari 2020 mamlaka inayosimamia utangazaji ikatoa waraka kwamba tamthilia zisizidi sehemu 40, na ikahimiza za 30 kushuka chini.

Hapo utaniuliza, mbona Empresses in the Palace ya 2011 ina 76 na watu wanairudia kila mwaka? Nimeifikiria sana. Zhen Huan, aliyechezwa na Sun Li, anaingia jumba la mfalme akiwa binti anayetaka kusahaulika. Jibu langu ni maadui. Hua Fei, yule bibi mwenye kiburi na manukato, angeweza kubeba tamthilia nzima, lakini anaondolewa katikati. Tofauti na Mishil, nyuma yake kuna mkubwa zaidi aliyekuwepo tangu siku ya kwanza akitabasamu: malkia mwenyewe. Na nyuma ya malkia kuna mfalme, ambaye ndiye chanzo cha yote. Kila kaburi linafungua mlango. Tena Hua Fei anapoambiwa ukweli kabla ya kufa, kwamba manukato aliyopewa na mume wake kwa mapenzi ndiyo yaliyomnyima mtoto, unajikuta unamhurumia mwanamke uliyemtukana sehemu arobaini. Hiyo ndiyo kazi ya urefu.

Nirvana in Fire (2015, sehemu 54) nayo ina mfupa. Mei Changsu anarudi mjini na sura nyingine, mgonjwa, hana nguvu hata ya kuinua upinde, na lengo ni moja: kesi ya jeshi la watu 70,000 waliouawa kwa kusingiziwa uhaini isikilizwe upya. Kila fitina, kila chai wanayokunywa, inasogea kuelekea kesi ile. Nimeiona ikishinda watu wasioipenda China kabisa.

Zile za kuruka angani, za miungu na maisha matatu na kumi, nitakuwa mkweli, sizimudu. Mke wangu anazitazama. Wanafungwa, wanasahauliana, miaka elfu tano inapita na hakuna aliyezeeka wala aliyejifunza kitu.

Kitu kingine ambacho wengi hamkijui: sauti unayoisikia kwenye tamthilia nyingi za Kichina siyo ya mwigizaji. Kuna watu wa sauti wanaingiza baadaye studio, kwa sababu eneo la kurekodia lina kelele na waigizaji wanatoka majimbo yenye lafudhi tofauti. Zhen Huan mwenyewe sauti yake ni ya Ji Guanlin. Kwa hiyo tunapowacheka wanaoangalia za kuingizwa Kiswahili tukumbuke hata Mchina naye anaangalia ya kuingizwa sauti.

Mdau (Dodoma)

Nyie vijana mmemsahau Doudou! Tulimwona TBC mwaka 2011, Wachina wanaongea Kiswahili sanifu, mama wakwe wawili wanamvuta kijana mmoja huku na huku. Mama yangu mzazi, ambaye muvi za Kichina kwake ni ngumi tu, alikuwa anaacha jiko. Hata Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake.

Mleta uzi

Mama, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu. Doudou ni kweli kabisa, na nadhani ilifaulu kwa sababu hakuna aliyehitaji kueleweshwa. Wifi, mama mkwe, nani alale wapi, nani alipe kodi ya nyumba. Ngumi zilitufundisha kwamba China ina watawa wanaoruka. Doudou ndiyo ilituonesha wana sinki la vyombo. Baada yake StarTimes wakaanza kushindanisha Watanzania kuingiza sauti, na walioshinda wakapelekwa Beijing kuifanya kazi hiyo.

Mdau

Squid Game?

Mleta uzi

Msimu wa kwanza, 2021, sehemu 9. Hwang Dong-hyuk alikaa na hadithi ile zaidi ya miaka kumi akikataliwa, na inaonekana: hakuna mchezo usio na kazi. Ule wa gololi ni saa bora kabisa ya televisheni ya muongo ule kwa maoni yangu. Kisha zikaja sehemu 7 za msimu wa pili mwishoni mwa 2024 na 6 za msimu wa tatu katikati ya 2025. Tajiri akiongeza fedha, mchezo unaendelea. Kwa tamthilia inayosema hivyo kuhusu wacheza, nilitegemea waandaaji wawe wameisikia.

Mdau (Muscat)

Assalaam alaykum. Mimi nipo huku Oman, jioni baada ya kazi nina saa mbili hivi za kutazama. Sina nguvu ya sehemu 76. Nianze na ipi? Na isiwe ya mapenzi ya wanafunzi tafadhali.

Mleta uzi

Waalaykum salaam kaka. Kwa hali yako nakupeleka Japani na kule China ambako wengi hawafiki.

Japani kwanza. Wao mwaka wameugawa robo nne, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na tamthilia ya kawaida inakaa robo moja, sehemu 10 au 11, moja kwa wiki. Muda wa robo ukifika inatoka, mpya inaingia, hata kama nchi nzima inaitazama. Hanzawa Naoki ya 2013 ni mfano: afisa wa benki anayesukumiwa deni la mkubwa wake, anaapa kulipiza mara mbili. Benki, jamani! Mafaili na ukaguzi, na bado unashika kichwa. Sehemu ya mwisho ilivuta asilimia 42.2 eneo la Tokyo. Kituo cha Korea kingeongeza 20 kesho yake. Wao walifunga na sehemu ya 10, bosi mwovu kapigishwa magoti, na Hanzawa badala ya kupandishwa cheo anahamishiwa kampuni tanzu. Watu waliachwa wamepigwa butwaa, wakasubiri mwendelezo hadi 2020. (Najua mtaniletea Oshin ya sehemu 297. Zile ni za dakika 15 kila asubuhi, mwaka mzima, na zilipangwa hivyo tangu mwanzo. Hakuna aliyeziongeza.)

China, tafuta The Bad Kids ya 2020, sehemu 12. Mwalimu wa hesabu mpole, anayedharauliwa ukweni, anawapeleka wakwe mlimani kupiga picha na kuwasukuma. Chini kule watoto watatu wanajirekodi video, na tukio limeingia kwenye picha. Baada ya hapo huwezi kusema mtoto ni nani na mwovu ni nani. Mkurugenzi huyohuyo, Xin Shuang, alitoa The Long Season mwaka 2023, nayo 12. Dereva wa teksi mzee, zamani alikuwa dereva wa treni wa kiwanda kilichokuwa baba na mama wa mji mzima huko kaskazini mashariki, anafuata kesi iliyoharibu familia yake miaka ya tisini wakati wafanyakazi walipopunguzwa. Fan Wei anaicheza kwa namna ambayo utamfahamu: ni yule mzee wa mtaani kwenu anayesimulia kiwanda kilipokuwa kinafanya kazi. Kwa mtu aliyekulia karibu na kiwanda kilichofungwa, inauma mara mbili.

Korea nakupa moja tu, My Mister (2018, sehemu 16). Haina adui wa kuinua unyusi. Ni mhandisi wa majengo aliyechoka na binti mwenye madeni ambaye amelipwa kumwangamiza, anamsikiliza kupitia simu yake na polepole anashindwa kumchukia. Wa kwanza ni Lee Sun-kyun, aliyefariki Desemba 2023, wa pili ni IU. Sehemu mbili za kwanza ni nzito na zina giza. Vumilia mpaka ya nne, usikimbize mbele. Hiyo ni moja ya chache ambazo sehemu ya 16 ni bora kuliko ya kwanza.

Mdau (Muscat)

Nimeanza na ya benki. Sehemu ya tatu sasa hivi, na ilikuwa nilale saa nne.